Safari ya Kwanza ya Magari Porini: Sanduku la Dawa Lisikae Chini ya Mchele



Mwezi ujao ekipi ya vijana kumi na wanne wa kitengo cha upimaji itatoka Bunia kwa magari matatu: Land Cruiser mbili na lori moja. Watashika barabara ya Komanda na Mambasa, halafu wataacha barabara kuu na kuingia porini kwenda kufungua kambi. Wengi wao hawajawahi kusafiri hivyo. Wamepanda pikipiki, wamepanda basi, wamepanda lori la mizigo, lakini kusafiri kundi zima, magari yakifuatana mahali pasipo na barabara, hilo ni jambo jipya kwao.

Niliwakuta garajini juma lililopita. Walikuwa wanacheka na kupiga picha mbele ya magari. Mmoja alikuwa ameshanunua miwani nyeusi. Furaha si mbaya, safari isiyo na furaha huchosha mapema. Lakini nilipowauliza, "Sanduku la dawa mtaliweka gari gani?" walitazamana. Halafu mmoja akanijibu, "Dokta, litapata nafasi tu."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi pia nililisema siku moja, na kuna mtu anayechechemea mpaka leo kwa sababu yake.

YALIYONIPATA MWAKA 2016

Mwaka 2016 nilikuwa kijana, nimetoka shuleni si zamani, na nilifanya kazi mahali pengine. Tulitumwa porini na magari matatu kama haya. Siku ya kuondoka tulikuwa na haraka. Wapakiaji waliniuliza sanduku langu liwekwe wapi, nikasema, "Wekeni tu, litapata nafasi." Wakaliweka ndani ya lori, chini kabisa, na juu yake wakapanga magunia sita ya mchele, mahema na bidoni.

Siku ya pili mvua ilinyesha. Gari la mbele lilizama katika matope. La pili likazunguka mbele ili kulivuta. Lori lilikuwa bado nyuma, kama kilomita nne, limekwama kwenye daraja la miti. Kabo ya chuma ikafungwa kwenye bampa, si kwenye ndoano ya chasi. Dereva akavuta kwa kishindo. Bampa ikang'oka, kabo ikaruka na kipande cha chuma, ikampiga mguuni kijana aliyekuwa amesimama karibu akitazama. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mfupa ulivunjika chini ya goti na damu ikatoka kwa nguvu.

Mimi, mganga wa safari, nilikuwa pale mikono mitupu. Nilivua shati langu, nikalikunja, nikaligandamiza juu ya jeraha kwa mikono yote miwili na uzito wa mwili wangu. Tulimtuma mtu mbio kwa miguu mpaka kwenye lori. Alifika, wakaanza kushusha mchele, gunia moja baada ya lingine, katika mvua. Sanduku lilinifikia baada ya dakika hamsini. Kwa dakika hamsini sikuweza kuinua mkono hata kujikuna pua.

Kijana yule hakufa. Waganga wa hospitali waliokoa mguu wake, lakini mguu ule sasa ni mfupi kuliko mwenzake. Nikikutana naye hunisalimia vizuri, hunitania, na hajawahi kunilaumu. Ninayejilaumu ni mimi. Kwa hiyo yote ninayoandika hapa chini, msomaji asidhani ni maneno ya mtu mwenye busara. Ni maneno ya mtu aliyefundishwa na kosa lake mwenyewe.

KWANZA WATU, HALAFU MAGARI

Kila safari huanza kwa kutazama magari. Mimi naomba ianze kwa kutazama watu. Juma moja kabla ya kuondoka, kila mtu wa ekipi apite dispanseri. Hatuchunguzi ili tumnyime mtu safari. Tunachunguza ili tujue nani anaondoka na nini.

Mwenye presha ya damu au sukari achukue dawa za siku zote za safari, na za siku tano zaidi. Mwenye kifafa asishike usukani. Mwenye homa siku ya kuondoka abaki, atafuata na gari la pili. Mwenye jino linalomuuma aling'oe Bunia, maana jino halingojei mtu arudi. Kila mmoja aonyeshe karatasi yake ya chanjo. Ya pepopunda inatuhusu sana sisi tunaoshika chuma, matope na miti. Ya homa ya manjano ni ya lazima pia.

Dereva naye ana mtihani wake: macho, na usingizi. Dereva aliyelala saa nne tu ni kama dereva aliyelewa. Usiku wa kuamkia safari alale saa saba au nane. Asiwe yeye anayepakia mizigo mpaka usiku wa manane. Na mambo ya pombe nayasema waziwazi: bia ya jioni ya kuagana, au kaikpo "kidogo tu ya kufukuza baridi", hapana. Ikiwa dereva bado ana harufu asubuhi, safari inangoja au dereva anabadilishwa. Mkubwa wa safari asione haya kulisema hilo, hata kama dereva ni mzee kuliko yeye. Atalisema kwa heshima, lakini atalisema.

GARI LIKAGULIWE LIKIWA BADO GARAJINI

Mimi si mekanisiani. Nimemwomba chefu wa garaji anieleze, nami nawaletea alivyosema.

Kwanza, gari lisitengenezwe siku ya kuondoka. Litengenezwe siku nne kabla, halafu litembezwe mjini na kwenye vilima siku mbili. Kitu kilichofungwa vibaya kitajionyesha Bunia, ambapo kuna spana na vipuri, badala ya kujionyesha porini.

Pili, mipira. Kila gari liwe na mipira ya akiba miwili, siyo mmoja. Ongezeni mipira ya ndani, viraka, gundi, pampu na kipima upepo. Katika matope au mchanga dereva anaweza kupunguza upepo kidogo ili mpira ushike chini, lakini akirudi kwenye barabara ngumu lazima aujaze tena. Mpira mlegevu ukikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Tatu, vyombo vya kujiokoa. Jeki mbili, na kila jeki na ubao wake mpana wa kuweka chini, maana jeki ikisimama juu ya matope huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Masepetu mawili kwa kila gari, mapanga, shoka na msumeno kwa ajili ya miti iliyoanguka. Kamba za kuvutia zenye nguvu ya kutosha kwa uzito wa gari. Glavu za ngozi. Tochi za kufunga kichwani.

Nne, kila dereva ajue gari lake. Mzee mmoja, dereva wetu wa zamani, huwaambia vijana: "Usiingie matope kwa magurudumu mawili ukitegemea utaweka manne ukikwama. Weka manne ungali juu ya udongo mkavu." Chefu wa garaji akaongeza kwamba katika magari mengine lazima ushuke ufunge vitovu vya magurudumu ya mbele kwa mkono. Kijana mmoja kati ya wale kumi na wanne, mwenye lisansi ya udereva, hakuwa anajua jambo hilo. Alilijua pale pale garajini, wenzake wakacheka, naye akacheka. Kuuliza si ujinga.

MZIGO UPANGWE KWA AKILI

Kitu kizito kikae chini na katikati. Kitu chepesi kikae juu. Gari lenye mzigo mzito juu ya paa hupinduka upesi kwenye mteremko. Kila kitu kifungwe. Spana iliyoachwa juu ya kiti, gari likisimama ghafla, hugeuka kuwa risasi.

Mafuta ya gari yasibebwe pamoja na watu. Bidoni za mazuti na esanse zikae nyuma, wima, zimefungwa, na zisijazwe mpaka mdomoni, kwa sababu mafuta huvimba kwa joto. Hakuna sigara karibu.

Na watu je? Watu wakae kwenye viti, mikanda imefungwa. Najua desturi yetu: lori likiwa limejaa, watu wanapanda juu ya magunia. Lori likiyumba kwenye shimo, aliye juu ndiye wa kwanza kuanguka, na mara nyingi gunia humfuata. Kama viti havitoshi, watu wamezidi. Punguzeni watu au ongezeni gari.

MAJI, CHAKULA NA MAFUTA: HESABU, SIYO KUKISIA

Wakati wa kupanga safari watu husema "maji yanatosha". Yanatosha kwa nani, na kwa siku ngapi? Tufanye hesabu. Mtu mmoja anahitaji kama lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, na zaidi akichimba matope juani. Watu 14 mara lita 5 ni lita 70 kwa siku. Safari ya siku tatu ni lita 210, yaani bidoni 11 za lita 20. Bidoni za maji ziwe za maji tu. Bidoni iliyobeba mazuti haifai tena kwa maji, hata ukiiosha mara saba. Chukueni pia vidonge vya kusafishia maji, na sufuria ya kuchemshia, kwa siku ambayo hesabu itakataa.

Mafuta ya gari nayo yana hesabu yake. Gari linalotumia lita 15 kwa kilomita 100 kwenye barabara nzuri linaweza kutumia 25 au 30 katika matope na gia ndogo. Toka Bunia mpaka Komanda ni kilomita kama 75, lakini porini kilomita haisemi ukweli, saa ndizo zinazosema. Basi fuateni kanuni hii: theluthi moja ya mafuta ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, theluthi moja ya shida. Mkifika nusu ya njia mkaona theluthi ya kwanza imekwisha, mkubwa wa safari asimamishe kundi na kufikiri upya.

Chakula kiwe kile watu wanachokijua: mchele, maharage, unga wa mihogo, samaki wa chumvi, mafuta ya mawese, chumvi, sukari. Na kila gari liwe na chakula chake kidogo kisichohitaji moto, kama karanga na biskuti. Magari yakitengana, gari lisilo na sufuria lisilale njaa.

SANDUKU LA DAWA

Sasa nimefika kwenye kazi yangu. Sanduku kubwa likae gari la pili, siyo la mwisho, nyuma ya kiti, juu ya kila kitu, mahali ambapo mkono unalifikia bila kushusha mzigo. Lipakwe rangi au lichorwe alama ambayo kila mtu anaijua. Tena, kila gari liwe na mfuko mdogo wa damu na majeraha: glavu, kompresi safi nyingi, bandi pana, garo moja ya kweli, mkasi, na blanketi moja.

Katika sanduku kubwa weka: vipande vya mbao au kadibodi ngumu vya kushikilia mfupa uliovunjika, dawa ya kusafishia vidonda, dawa za maumivu, pakiti za chumvi ya kuharisha, vipimo vya haraka vya malaria na dawa zake kama mganga alivyoagiza, dawa ya macho, plasta, na daftari na kalamu.

Mambo manne ambayo kila mtu wa safari ayajue, siyo mganga peke yake:

Damu ikitoka kwa nguvu, gandamiza juu ya jeraha kwa kitambaa safi na usiachie ili "kuangalia". Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikubali kusimama, funga garo juu ya jeraha, kama vidole vitatu au vinne juu yake, siyo kwenye goti wala kiwiko. Kaza mpaka damu isimame. Andika saa uliyoifunga. Usiilegeze njiani, mpeleke mtu hospitali.

Mfupa ukivunjika, usiunyooshe kwa nguvu. Ufunge ulivyo, pamoja na kiungo cha juu na cha chini, usicheze.

Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge garo, usipake mafuta wala mawe meusi. Mvue pete na viatu upande ulioumwa, mlaze, mguu au mkono usitembee, mbebeni mpaka kwenye gari. Dawa ya sumu hutolewa hospitalini, kwa hiyo dakika zenu ni za kwenda, siyo za kujaribu.

Mtu akiharisha na pakiti zimekwisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi.

NJIANI KUNA MKUBWA MMOJA

Magari matatu yenye wakubwa watatu ni safari tatu. Chagueni mkubwa mmoja kabla ya kuondoka, na msaidizi wake. Gari la dereva mwenye uzoefu zaidi litangulie, gari lenye mekanisiani liwe la mwisho. Lori lisibaki peke yake nyuma, kama letu lilivyobaki.

Kanuni ya kundi ni moja: kila dereva anamtunza aliye nyuma yake. Usipomwona kwenye kioo, punguza. Bado humwoni, simama. Aliye mbele yako atakuona umesimama, naye atasimama. Hivyo kundi zima hujikusanya lenyewe bila kelele. Kwenye njia panda hakuna kuendelea mpaka wa nyuma ameonekana. Na kila kituo, watu wahesabiwe kabla ya injini kuwashwa. Kumi na wanne walitoka, kumi na wanne waondoke.

Kabla ya kutoka Bunia, andikeni karatasi mbili: majina ya watu, namba za magari, njia mtakayopita, mahali pa kulala, na saa za kuita. Moja ibaki ofisini. Simu hazishiki kila mahali porini, kwa hiyo chukueni foni au simu ya setilaiti, na mkubaliane: "Tukikosa kuita saa kumi na mbili jioni, na tena saa mbili usiku, anzeni kututafuta." Ofisi nayo imteue mtu wa kungojea wito huo, na mtu huyo asiende nyumbani kabla ya kuusikia.

Tena kuna jambo la amani ya njia. Ituri yetu imeteseka miaka mingi, na tangu Mei 2021 serikali iliiweka chini ya utawala wa kijeshi wa dharura. Habari ya njia iulizwe kwa wenye mamlaka siku ya kabla na asubuhi yenyewe. Njia iliyokuwa nzuri juzi si lazima iwe nzuri leo. Wakisema ngojeni, ngojeni. Na kutembea usiku marufuku.

MATOPE, MTO NA DARAJA LA MITI

Mvua kubwa ikinyesha, simameni. Vizuizi vya mvua kwenye barabara zetu za udongo havikuwekwa kuwatesa madereva. Saa tatu za kungoja jua huokoa siku mbili za kuchimba. Haraka haraka haina baraka.

Mkifika kwenye matope, gari moja tu liingie. Mengine yangoje juu ya udongo mgumu. Dereva ashuke kwanza atazame kwa miguu na fimbo.

Mto hupimwa vilevile kwa fimbo, na mtu mwenye kamba kiunoni inayoshikwa na wenzake. Mahali ambapo mtu hawezi kuvuka kwa miguu salama, gari lisivuke. Maji yakiwa yanakwenda kasi au yamebeba miti, hakuna kujaribu. Mkivuka, gia ndogo, mwendo wa polepole usiobadilika, bila kusimama katikati. Mkitoka ng'ambo, jaribuni breki mara kadhaa mpaka zikauke.

Daraja la miti: watu wote washuke wavuke kwa miguu. Kagueni magogo kama yameoza au yamesogea. Mtu mmoja tu amwongoze dereva, akisimama ng'ambo, siyo juu ya daraja mbele ya gari.

KUVUTANA

Hapa ndipo kijana wangu aliumia, basi nisome pole pole na wewe usome pole pole.

Chimba kwanza. Gari lililochimbuliwa na kuwekewa matawi huhitaji nguvu ndogo ya kulivuta. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chasi tu, kamwe siyo kwenye bampa. Kabo yenye nyuzi zilizokatika itupwe. Usiunganishe kamba kwa fundo la kubahatisha. Katikati ya kabo tandika gunia lenye maji au koti zito, ili ikikatika iangukie chini isiruke. Anayeshika kabo avae glavu.

Halafu watu wote waondoke. Kama kabo ina urefu wa mita 10, watu wakae mita 15 au zaidi, siyo mbele wala nyuma ya mstari wake. Hakuna kuruka kabo iliyokazwa. Hakuna kupiga picha. Mtu mmoja tu atoe ishara kwa mkono. Dereva avute polepole, bila kishindo. Ukiona mtu amekaribia, hata kama ni chefu, piga kelele: simama!

USIKU NA MAGONJWA YA PORI

Pigeni kambi saa kumi jioni, mkiona. Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, hata anayesema mbu hawampendi. Homa ikimshika mtu, apimwe siku hiyohiyo. Malaria ya pori letu haiheshimu ratiba ya safari.

Mvua isiwaingize katika mashimo ya zamani ya dhahabu wala mapangoni. Mwaka 1998 mpaka 2000, huko Durba, katika Haut-Uele, ugonjwa wa Marburg uliwashika watu 154, wakafariki 128, na wengi wa kwanza walikuwa wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakifanya kazi katika shimo lenye popo. Msiguse mnyama aliyekutwa amekufa, msinunue nyama msiyojua ilikotoka. Hatujasahau Ebola ya Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na jirani. Ndoo ya kunawa mikono na sabuni iwe kitu cha kwanza kushushwa kwenye gari kila mnaposimama kula. Na chakula kifunikwe, takataka zichimbiwe, ili panya wasije kulala nanyi. Tauni bado inajulikana katika vilima vya Ituri, na panya na viroboto ndio wanaoisafirisha.

HATA WAKUBWA WALIJITAYARISHA

Vijana wengine watasema, "Dokta anatuogopesha, safari ni ushujaa." Basi niwape mfano wa mashujaa. Mwezi wa Oktoba 1924 Wafaransa walitoka Algeria na magari 8 ya Citroën yenye minyororo nyuma badala ya magurudumu. Walipita jangwani, wakavuka Kongo yetu kwa njia ya Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na mwaka 1925 wakafika Madagascar. Watu husimulia simba na jangwa. Hawasimulii kwamba mafuta na chakula vilitangulizwa kwenye vituo vya njiani, kwamba watu wengi wa nchi hii walitoa jasho kufungua njia kabla magari hayajafika, na kwamba katika kundi lao kulikuwa na daktari, Eugène Bergonier. Ushujaa wao mwingi ulifanyika kabla ya kuwasha injini.

DAKIKA MOJA

Siku ya posho iliyopita nilirudi garajini. Magari yote matatu yalikuwa yamepakiwa kwa majaribio. Nilisimama na saa mkononi, nikamwonyesha kijana wa miwani nyeusi, nikasema kwa sauti kubwa: "Huyu amekatika mguu. Damu inatoka. Nileteeni sanduku!"

Walikimbia huku na huku. Mmoja alipanda lori, mwingine akafungua gari lisilo lake. Turubai likafunguliwa, bidoni zikashushwa. Sanduku lilinifikia baada ya dakika kumi na moja. Hakuna aliyecheka tena. Kijana wa miwani alikuwa bado amelala chini, akauliza, "Dokta, mimi nimeshakufa?" Nikamjibu, "Karibu."

Walishusha mzigo wote. Mzee dereva aliwasimamia, akawaonyesha mahali pa kila kitu, nao wakapakia upya bila kunung'unika. Jua lilikuwa limeshuka walipomaliza. Nikapiga kelele mara ya pili. Sanduku lilinifikia kabla ya dakika moja kwisha, na nyuma yake akaja mwingine na glavu, na mwingine na blanketi, bila kuambiwa.

Mzee akanifuata nilipokuwa nafunga daftari. Akasema, "Dokta, sasa wanaweza kwenda."

Ndugu msomaji, labda wewe huendi porini mwezi ujao. Labda unaendesha lori kila siku, au unashuka shimoni, au unapika kantini. Leo kabla ya kutoka kazini, tafuta sanduku la dawa la mahali pako. Shika saa. Lifikie. Kama umepita dakika moja, lisogeze karibu kesho asubuhi, na umwambie jirani yako limehamia wapi.

Safari njema kwa wale kumi na wanne. Tutawahesabu mkirudi.